Thamani ya Malalamiko katika Michezo ya Mtandao

Mkulima aliyenunua jembe likapinda siku ya kwanza shambani hurudi nalo dukani kulalamika. Mwenye duka aweza kumjibu kwa njia mbili. Aweza kumwambia kwamba hajui kulima. Au aweza kulipokea jembe lile, akalitazama, kisha akampelekea mhunzi aliyelifua. Njia ya kwanza humaliza ugomvi kwa siku hiyo. Njia ya pili humpa mhunzi habari ambayo asingeipata kamwe karakanani mwake, kwa kuwa karakanani hakuna udongo mgumu wala jua la saa sita.

Katika kazi ya kuunda michezo ya kompyuta, jambo hili limekuwa na uzito wa pekee. Michezo mingi ya siku hizi huchezwa kwa njia ya intaneti. Maelfu ya watu, kila mmoja akiwa kwao na chombo chake, huunganishwa na kompyuta kuu ambazo mafundi huziita seva, na hukutana humo kama watu wakutanavyo uwanjani. Mchezo wa namna hii haumaliziki siku unapouzwa. Waundaji huurekebisha kila mara, nao wachezaji huendelea kulipa, ama kwa ada ya kila mwezi ama kwa kununua vitu vya kutumia ndani ya mchezo. Kwa hiyo mchezaji mwenye kero haridhiki kuondoka tu. Husema, tena husema kwa sauti kubwa. Swali linalostahili kuchunguzwa kisayansi ni hili: je, maneno hayo ni kelele tu, au ni habari? Na kama ni habari, yafaa isomwe kwa namna gani?

Dakika sita za kungoja

Tarehe 1 Oktoba 2013 kampuni ya Rockstar Games ilifungua mchezo wa mtandao uitwao Grand Theft Auto Online. Mwezi wa Aprili 2015 mchezo huo ulianza kupatikana pia kwa watu wenye kompyuta za kawaida. Ulipendwa sana ulimwenguni, lakini ulikuwa na ila moja iliyojulikana sana: mtu alipoufungua alilazimika kungoja dakika kadhaa kabla ya kuingia. Wachezaji walilalamika mwaka baada ya mwaka. Dhana juu ya chanzo hazikukosekana. Ilikuwa rahisi kuulaumu mtandao kuwa mzito, au kuilaumu kompyuta ya mchezaji kuwa dhaifu. Lakini dhana si ushahidi.

Mwezi wa Februari 2021 mchezaji mmoja mwenye ujuzi wa programu aliamua kupima badala ya kunung'unika. Hakuwa mfanyakazi wa kampuni, wala hakuwa na maandishi asilia ya programu ile. Alichokuwa nacho ni kompyuta yake, saa, na zana za kuchunguzia kazi za kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta. Alianza kwa kulinganisha. Sehemu ya mchezo ichezwayo na mtu peke yake ilifunguka kwa muda wa dakika 1 na sekunde 10 hivi. Sehemu ya mtandao ilichukua dakika 6. Kisha alitazama ni kiungo gani cha kompyuta kilichokuwa kikihangaika katika muda ule wa ziada. Mtandao ulikuwa umetulia. Diski ya kuhifadhia kumbukumbu ilikuwa imetulia. Lakini sehemu moja ya kichakataji ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda wa dakika nne nzima.

Hapo dhana zote mbili zilianguka. Kilichokuwa kikingojewa si habari kutoka mbali, bali ni hesabu fulani iliyokuwa ikifanyika papo hapo, ndani ya chombo cha mchezaji mwenyewe.

Hesabu iliyojificha

Uchunguzi ulipoendelea, ilionekana kwamba mchezo ulikuwa ukisoma faili moja yenye ukubwa wa megabaiti 10, yaani kiasi cha herufi milioni kumi. Ndani yake mlikuwa na orodha ya bidhaa zipatazo 63,000 ambazo mchezaji aweza kuzinunua humo mchezoni. Orodha hiyo ilikuwa ikisomwa kwa namna yenye kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza yaweza kufananishwa na karani mwenye daftari refu ambaye, kila anapotaka kusoma neno moja, kwanza huhesabu herufi zote zilizosalia mpaka mwisho wa daftari. Akisha kuhesabu, husoma neno lile moja, kisha huanza tena kuhesabu zilizobaki. Kwa wastani herufi zinazobaki ni nusu ya daftari, yaani milioni tano. Hata kama angehesabu mara moja tu kwa kila bidhaa, angepitia herufi bilioni 315. Mtu aliyeandika programu hakuamuru kazi hiyo waziwazi. Ilikuwa imejificha ndani ya chombo cha kawaida cha kusomea maandishi, chombo kitumikacho kila siku, ambacho hakidhuru kitu maandishi yanapokuwa mafupi.

Kasoro ya pili ilihusu ulinganishaji. Kila bidhaa mpya iliposomwa, programu iliilinganisha na bidhaa zote zilizokwisha kusomwa, moja baada ya moja, ili kuhakikisha kwamba haimo tayari. Bidhaa ya pili ililinganishwa mara 1, ya tatu mara 2, ya nne mara 3, na kadhalika. Wanafunzi wa hisabati watatambua mara moja kwamba jumla ya mfululizo huo kwa bidhaa n ni n(n − 1)/2. Kwa bidhaa 63,000 jumla ni ulinganisho 1,984,468,500, karibu bilioni mbili. Zaidi ya hayo, kwa kadiri mchunguzi alivyoweza kuona, bidhaa zote katika orodha ile zilikuwa tofauti tangu mwanzo, hivyo kazi yote ya kulinganisha ilikuwa ya bure.

Mfano huu waonyesha kwa nini kasoro ya namna hii huweza kupita mbele ya macho ya mafundi hodari bila kuonekana. Kama orodha ingekuwa na bidhaa 1,000 tu, ulinganisho ungekuwa 499,500, kazi ambayo kompyuta huimaliza kabla mtu hajapepesa jicho. Orodha ikiongezeka mara 63, kazi haiongezeki mara 63. Huongezeka karibu mara 4,000. Ila ya namna hii hukua polepole mchezo unapokua, na anayeiona kwanza ni mchezaji angojaye.

Mchunguzi alirekebisha kasoro zote mbili katika kompyuta yake, na muda wa kungoja ukashuka kutoka dakika 6 hadi dakika 1 na sekunde 50. Matokeo aliyatangaza tarehe 28 Februari 2021. Mwezi uliofuata kampuni ilikubali kwamba uchunguzi wake ulikuwa sahihi, ikamzawadia dola 10,000, na tarehe 16 Machi ikatoa toleo lililorekebishwa kwa wachezaji wote. Na jambo moja halikosi kustaajabisha: faili iliyokuwa ikiwakawiza wachezaji mlangoni ni ile ile ya bidhaa ambazo kampuni ilitaka kuwauzia.

Mgonjwa na tabibu

Kisa hiki chatufundisha nini juu ya malalamiko? Kwanza, wachezaji walikuwa na haki kwa miaka yote ile. Waliposema kwamba kungoja kulikuwa kurefu kupita kiasi, walisema kweli. Pili, madhumuni ya malalamiko yao hayakuweza kutimia mpaka mtu alipotafuta chanzo kwa kipimo. Malalamiko na uchunguzi ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja hakitoshi peke yake.

Hali hii yafanana na ile ya mgonjwa na tabibu. Mgonjwa aelezapo kwamba ana maumivu ubavuni, hapana mtu awezaye kumpinga. Yeye ndiye mwenye ubavu. Waswahili husema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini mgonjwa huyo huyo akisema kwamba maumivu hayo yametokana na ini, na kwamba yafaa apewe dawa fulani, tabibu mwenye busara hatakimbilia kumpa. Atamsikiliza, atambonyeza, atampima damu. Mchezaji naye ni shahidi wa kutegemewa juu ya maumivu, lakini si lazima awe shahidi wa kutegemewa juu ya chanzo cha maumivu au dawa yake. Mwundaji akosea kwa namna mbili: akitupilia mbali malalamiko kwa sababu dawa iliyopendekezwa na mlalamikaji haifai, au akitekeleza dawa ile bila kupima ugonjwa.

Yaweza kuulizwa: je, kompyuta kuu hazina kumbukumbu za kila jambo litendekalo mchezoni? Kwa kweli zinazo nyingi. Zaweza kuonyesha ni wachezaji wangapi waliingia, waliondoka saa ngapi, na walinunua nini. Lakini kumbukumbu hizo hueleza lililotendeka, wala hazielezi lililosikika moyoni. Mchezaji aliyezima kompyuta baada ya dakika tano za kungoja, na mchezaji aliyeitwa na mama yake kwenda kuchota maji, huonekana sawasawa katika kumbukumbu. Ni maneno ya mchezaji mwenyewe yawezayo kuwatenganisha.

Sauti kubwa na sauti nyingi

Hapa hutokea shida ya pili, ambayo wanafunzi wa takwimu wanaifahamu vizuri. Mtu anayelalamika amejichagua mwenyewe; hakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Wachache wenye sauti kubwa waweza kuonekana kama ndio watu wote. Mwundaji awezaje kujua kama ana malalamiko ya watu mia au ya watu milioni?

Kampuni ya Jagex ya mjini Cambridge, Uingereza, ilikutana na swali hilo katika mchezo wake uitwao RuneScape, uliofunguliwa mwaka 2001. Katika mchezo huo wachezaji waliweza kupeana mali kwa hiari na kupigana wao kwa wao katika eneo maalumu. Uhuru huo ulitumiwa vibaya na watu waliouza dhahabu ya mchezoni kwa fedha halisi, na udanganyifu wa kadi za benki ukaandamana na biashara hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, kampuni iliondoa mapigano ya namna ile na kuweka mipaka mikali ya kupeana mali. Wachezaji wengi walikasirika. Ikumbukwe kwamba kampuni haikuwa na nia mbaya. Ugonjwa iliotaka kuutibu ulikuwa wa kweli. Lakini dawa ile iliwaumiza pia wasiokuwa na hatia.

Miaka mitatu baadaye kampuni iliamua kuhesabu badala ya kukisia. Iliwaomba wachezaji wapige kura kama warudishiwe mambo yale. Kura zipatazo milioni 1.2 zilipigwa, na 91 katika kila 100 zilitaka yarudishwe. Tarehe 1 Februari 2011 yalirudishwa. Mwezi wa Februari 2013 kura nyingine iliwauliza wachezaji kama wataka kufunguliwa upya toleo la zamani la mchezo, kutokana na nakala iliyokuwa imehifadhiwa tangu Agosti 2007. Kura zilikuwa mamia ya maelfu, na toleo hilo lilifunguliwa mwezi huo huo kwa jina la Old School RuneScape. Tangu hapo mabadiliko makubwa katika toleo hilo yamekuwa yakipelekwa kwanza kwa wachezaji. Kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji kukubaliwa na wapiga kura 75 katika kila 100. Mwaka 2022 kiwango hicho kilishushwa kuwa 70.

Kura haigeuzi malalamiko kuwa ukweli wa kisayansi. Haielezi chanzo cha tatizo, wala haiwahesabu wale waliokwisha kuondoka. Lakini hutenganisha sauti kubwa na sauti nyingi, na hiyo ni hatua muhimu katika kipimo chochote.

Wanaoondoka kimya

Hao waliokwisha kuondoka ndio shida ya tatu, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Jambo hili lilielezwa kwa ufasaha na mtaalamu wa uchumi, Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kiitwacho Exit, Voice, and Loyalty. Wazo lake halikuanzia katika michezo, bali katika reli ya Nigeria.

Katika miaka ya 1960 Hirschman alishangazwa na jambo moja. Reli ile ilikuwa ikisafirisha karanga kutoka kaskazini ya nchi hadi bandarini, safari ndefu ambayo kwa kawaida reli huifanya vizuri kuliko malori. Hata hivyo malori yaliishinda, na reli haikujirekebisha. Wachumi walizoea kufikiri kwamba ushindani humwamsha aliyelala. Hirschman aliona kwamba hapa ushindani ulifanya kinyume. Wafanyabiashara ambao wangepiga kelele nyingi kuliko wote juu ya ubovu wa reli walikuwa na njia rahisi zaidi: walihamia kwenye malori. Walipoondoka, sauti yao iliondoka nao. Nalo pengo la mapato halikuitisha sana reli, kwa kuwa lilizibwa na hazina ya serikali.

Kwa hiyo, alisema, mtu asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka, au kusema. Anayeondoka hutoa habari kwamba kuna ubaya, lakini haelezi ubaya huo ni upi. Anayesema huutaja ubaya huo kwa jina, na kwa kawaida husema kwa sababu bado ana mapenzi na kitu hicho.

Waundaji wa michezo wakilisoma jambo hili wataona kwamba wanaowaudhi kwa malalamiko si adui zao. Ni watu waliobaki. Adui wa kweli wa mchezo ni ukimya, kwa maana ukimya waweza kuwa na maana mbili zilizo kinyume kabisa: kwamba wote wameridhika, au kwamba wote wamekwisha kwenda zao.

Umbali na mwendo wa nuru

Wachezaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya pekee ya kulielewa jambo hili. Katika mchezo wa kasi, amri ya mchezaji haina budi kusafiri mpaka kwenye seva na jibu lirudi. Habari ikipita katika nyaya za kioo husafiri kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, yaani theluthi mbili za mwendo wa nuru katika ombwe. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, ni kiasi cha kilomita 7,000 kama ndege aendavyo. Kwenda na kurudi ni kilomita 14,000, ambazo habari haiwezi kuzipita kwa muda ulio chini ya sekunde 0.07. Nyaya zenyewe hupita baharini kwa njia ndefu zaidi, na vituo vya njiani huongeza ucheleweshaji wao.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika katika mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nchi za mbali yalitegemea sana setilaiti zilizo juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786. Swali likipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka, safari hufikia kilomita 143,000, na hata kwa mwendo kamili wa nuru huchukua karibu sekunde 0.48. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde huwa umekwisha kuonyesha picha 28 au 29 kabla jibu halijarudi. Adui aonekanaye mbele ya mchezaji amekwisha kuondoka pale.

Mchezaji wa Mwanza au Mombasa akilalamika kwamba ameshindwa isivyo haki, huenda akadhaniwa kuwa ni mtu asiyekubali kushindwa. Lakini lalamiko lake laweza kupimwa kwa saa na kwa ramani. Na kama halalamiki, bali anaacha tu, basi katika vitabu vya kampuni huonekana kama mtu ambaye hakupendezwa na mchezo. Mtu akifikiri hivyo ataona sababu ndogo ya kuweka seva karibu na eneo lile. Na kwa kuwa seva haipo karibu, wengine nao wataacha. Duara hili haliwezi kuvunjwa na kumbukumbu za kompyuta peke yake. Lahitaji mtu aseme.

Mchezo uliobomolewa ukajengwa upya

Yafaa kutaja kisa kimoja cha kampuni iliyosikiliza kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Septemba 2010 kampuni ya Square Enix ya Japani ilifungua mchezo wa mtandao uitwao Final Fantasy XIV. Malalamiko yalikuja kama mvua ya masika. Mchezo ulikuwa mzito, matumizi yake yalitatanisha, mandhari ilijirudiarudia, na hata kununua na kuuza mali ilikuwa kazi ya kuchosha.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wakuu wa kampuni waliomba radhi, wakabadilisha uongozi wa mradi na kumkabidhi Naoki Yoshida. Ada ya kila mwezi haikutozwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Yoshida alifanya mambo mawili kwa pamoja. Aliendelea kuukarabati mchezo uliokuwapo, huku akiwaandikia wachezaji barua za mara kwa mara kuwaeleza linalofanyika na kwa nini. Wakati huo huo kundi lake lilijenga mchezo mpya tangu msingi. Tarehe 11 Novemba 2012 seva za mchezo wa kwanza zilizimwa. Tarehe 27 Agosti 2013 mchezo mpya ulifunguliwa.

Matokeo yake yalionekana kwa namna isiyo ya kawaida. Mwezi wa Desemba 2021 wachezaji walikuwa wengi kiasi kwamba foleni za kuingia zilirefuka mno, na malalamiko yakazuka tena. Wakati huo dunia ilikuwa na upungufu wa vipande vya semikonda, hivyo kuongeza seva kwa haraka haikuwezekana. Kampuni iliwapa wachezaji siku za kucheza bila malipo, na kwa majuma kadhaa ikasimamisha kuuza mchezo wake kwa wateja wapya. Kiwanda kukataa fedha za mnunuzi ili kupunguza kero ya aliyekwisha kununua si jambo lionekanalo kila siku.

Isidhaniwe kwamba wachezaji ndio waliouchora mchezo ule mpya. Hawakufanya hivyo. Walichofanya ni kueleza panapouma, tena walieleza wangali wamo. Ramani ya maumivu ilitoka kwao. Matibabu yalitoka kwa mafundi.

Namna ya kulalamika kwa manufaa

Kama lalamiko ni kipimo, basi kuna lalamiko zuri na lalamiko baya, kama vile kuna kipimajoto kizuri na kibovu. Kusema "mchezo huu ni takataka" ni kama kusema "maji haya ni ya moto" bila kutaja nyuzi. Lalamiko lenye manufaa hueleza mambo matano: mtu alikuwa akifanya nini, alitazamia kitokee nini, kilitokea nini badala yake, kimetokea mara ngapi katika majaribio mangapi, na alikuwa akitumia chombo gani, mahali gani na saa ngapi. Mwanafunzi wa sayansi atatambua kwamba orodha hiyo ni ile ile aifuatayo anapoandika ripoti ya jaribio la maabara.

Mwalimu apendaye kuonyesha chanzo cha zile dakika sita aweza kufanya hivyo bila kompyuta. Kila mwanafunzi katika darasa la watu 40 aandike jina lake kwenye kadi. Wanafunzi wawili wapokee kadi moja moja, na kila kadi mpya waihakikishe kuwa si marudio kwa kuilinganisha na zote zilizopokelewa kabla yake. Watafanya ulinganisho 780. Kisha darasa la pili liunganishwe nao, kadi ziwe 80, na kazi irudiwe. Ulinganisho sasa ni 3,160. Kadi zimeongezeka mara mbili. Kazi imeongezeka zaidi ya mara nne. Baadaye jaribio lifanywe tena kwa visanduku vilivyoandikwa herufi za alfabeti, na kila kadi ilinganishwe tu na zile zilizomo katika kisanduku chake. Wanafunzi wapime muda kwa saa kila mara na kuchora grafu. Mstari wa kwanza utapanda kwa kasi. Wa pili utapanda pia, lakini kwa upole zaidi. Tofauti iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo iliyowaweka wachezaji mlangoni kwa miaka.

Elimu hii haiishii katika michezo. Mgonjwa anayeeleza zahanati kwamba foleni huanza saa kumi na mbili asubuhi na dawa huisha saa tano, msafiri anayeandika namba ya basi na muda uliopotea, mkulima anayerudisha mfuko wa mbegu pamoja na hesabu ya mashimo yaliyoota na yasiyoota: wote hawa wanatoa kipimo ambacho mwenye kazi asingekipata kwa urahisi peke yake. Wajibu wa anayelalamika ni kusema kwa usahihi. Wajibu wa anayelalamikiwa ni kulipokea jembe lililopinda, na kulitazama kabla hajamtazama mkulima.